Mwanachama na Kura Yake: Mazungumzo kwa Wakulima wa Kilosa na Mikumi

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni uchaguzi wa viongozi katika vyama vya wakulima, na jinsi mtu anavyopata kuwa mwanachama wa kweli mwenye haki ya kuchagua. Twasema nanyi nyote, lakini maneno yetu twayaelekeza hasa kwa watu wa Wilaya ya Kilosa, tangu Dumila na Rudewa upande wa kaskazini mpaka Mikumi, Kidodi na Ruhembe upande wa kusini. Wanafunzi nao wasikilize, maana wengi wao ndio wanaowasomea wazee wao barua za chama nyumbani, na asomaye barua bila kuelewa maana yake huweza kumpoteza mzee wake kuliko asiyejua kusoma kabisa.

Mtu akifika Mikumi kwa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, huona njia panda. Njia moja yaenda kaskazini, kufuata Ulaya mpaka Kilosa mjini. Nyingine yashuka kusini kuelekea Kidatu na Ifakara, nayo hupita chini ya milima ya Vidunda mpaka msafiri akajiona yu katikati ya miwa, kulia miwa, kushoto miwa. Hapo pana viwanda vya sukari: cha Msolwa kilichoanza kazi mwaka 1962, na cha Ruembe kilichoanza mwaka 1976. Mto Ruaha Mkuu wapita katikati yao. Ng'ambo ya kusini ni nchi ya Kilombero, na upande huu wa kaskazini ni Kilosa. Zamani viwanda hivi vilikuwa mali ya Serikali. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya hisa zake iliuzwa, na kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikashika uendeshaji, Serikali ikabakiwa na robo. Tangu hapo wakulima wadogo walio nje ya shamba la kampuni, ambao huitwa wakulima wa nje, wameongezeka sana hata wakawa maelfu, na sehemu kubwa ya miwa isagwayo hutoka katika mashamba yao. Mtu mwenye ekari mbili tu ni mmoja wao.

Sasa twataka mfikiri kidogo juu ya tabia ya muwa, maana bila kuijua tabia hiyo hamtaona kwa nini kura ya chama ni jambo zito. Muwa si kama mahindi. Mwenye mahindi akichukizwa na bei aweza kuyatia ghalani, akayahifadhi na wadudu, akangoja. Hata mwenye mpunga aweza kungoja. Lakini shamba la miwa likiisha kuchomwa moto ili majani yatoke, miwa haina budi kukatwa na kufikishwa kiwandani upesi, siku chache tu, kwa sababu utamu wake hupungua kila jua lichwapo. Na malipo hayatokani na uzito peke yake. Hutokana na uzito pamoja na kiasi cha sukari kilichomo ndani ya muwa. Basi lori likichelewa njiani au likikaa katika safu mbele ya mzani, mwenye shamba hupoteza fedha bila mtu yeyote kumwibia.

Tena kiwanda kina kinywa kimoja, na wenye miwa ni maelfu. Msimu wa kusaga huanza katikati ya mwaka, mvua za vuli zikipungua huendelea, na masika ikishika hufungwa. Wakati wa masika njia za mashambani huwa matope matupu, malori hayapiti. Yule ambaye miwa yake haikukatwa mpaka mvua kubwa zikaja, miwa hiyo husimama shambani hata msimu ujao, ikazeeka, ikalala chini, na pengine ikashika moto wa bahati mbaya. Mkopo wa mbolea hausimami pamoja nayo, huendelea kudai. Ada ya mtoto nayo hudai.

Kwa hiyo kila mwaka pana daftari moja, au karatasi moja, iliyoandikwa majina kwa taratibu: shamba la fulani litakatwa kwanza, la fulani la pili, la fulani mwezi wa kumi na mbili. Karatasi hiyo ni ndogo, lakini ndani yake mna karo, mabati, mahari na dawa za watu wengi. Ni nani aishikaye? Kampuni hupanga kiasi cha miwa itakachopokea kwa siku, na ndani ya kiasi hicho ni viongozi wa chama wanaosema ya nani itangulie. Twawauliza basi ninyi mnaosema kwamba uchaguzi wa chama ni kazi ya watu wasio na shughuli: je, mngependa karatasi hiyo iandikwe na mtu ambaye hamkumchagua?

Si karatasi hiyo tu. Chama ndicho kinachozungumza na kampuni juu ya mkataba na bei. Chama huwatafuta wakata miwa na wenye malori, kikapatana nao ujira, na ujira huo hukatwa katika malipo ya mkulima kabla fedha hazijamfikia mkononi. Chama aghalabu huweka mtu wake katika mzani, na mwingine mahali pa kupimia utamu, ili mkulima aliye mbali shambani awe na jicho lake kiwandani. Mkulima mmoja wa Ruhembe, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kukaa mzanini mchana kutwa na huku akapalilia. Vyama vilitokea kwa sababu ya haja kama hii.

Asili ya vyama vya namna hii ni ya zamani kidogo. Katika mji wa Rochdale, nchi ya Uingereza, mwaka 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe. Kanuni yao moja yafaa kukumbukwa hapa: mtu mmoja, kura moja. Mwenye hisa nyingi hakupewa kura nyingi. Katika kampuni za biashara sivyo. Huko zinapiga kura fedha, na mwenye nyingi hushinda. Katika ushirika hupiga kura mtu. Mkulima wa ekari mia na mjane wa ekari moja, wakiisha kuingia katika mkutano mkuu, ni sawasawa.

Hapa kwetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka wa pili yake, 1933, chama kile cha Kilimanjaro kikageuzwa kuwa chama kikuu cha ushirika, ambacho wengi wenu mwakijua kwa jina la KNCU. Mengi mazuri yamesemwa juu yake, nayo ni kweli. Lakini mwaka 1937 palitokea ghasia. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wakulima walikuwa wamelazimishwa kwa amri kuuza kahawa yao yote kwa ushirika tu. Watu walikasirika wakavunja baadhi ya maghala. Sisi hatusifu kuvunja maghala, maana ghala lilikuwa lao. Lakini mtu anayelazimishwa kuwamo, na sauti yake haisikiwi, hulitazama ghala la chama kama ghala la mtu mwingine.

Jambo lingine lilitokea baadaye, na lilihusu nchi nzima. Kwa sheria ya vijiji ya mwaka 1975 kila kijiji kilichoandikishwa kilihesabiwa kuwa kama chama cha ushirika cha shughuli nyingi, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi ya kununua mazao ikapewa mashirika ya Serikali. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na sheria nyingine zikafuata, ya mwaka 1991, ya mwaka 2003, na ya mwaka 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hatutaki kuwachosha kwa miaka. Twaitaja kwa sababu moja: katika miaka ile watu wengi walizoea kwamba mtu huwa mwanachama kwa kukaa tu mahali. Amezaliwa kijijini, basi ni mwanachama. Hakuomba, hakutoa kiingilio, hakuandika jina. Mazoea hayo bado yamo vichwani mwa watu, nayo ndiyo yanayotuletea matata siku ya uchaguzi.

Maana siku hiyo huja watu wa namna tatu ambao hudhani kuwa ni wanachama, kumbe sio.

Wa kwanza ni yule ambaye miwa yake hupitia katika chama. Kwa miaka minne amekuwa akikatiwa makato ya chama, na stakabadhi anazo. Lakini hakujaza fomu wala hakununua hisa. Huyu ni mteja wa chama. Akifika mlangoni akaambiwa jina lake halimo, huona ameonewa, naye twamwonea huruma kwa kweli, kwa sababu fedha zake zimetumika. Lakini haki ya kura haitoki katika stakabadhi ya mzani. Hutoka katika daftari la wanachama.

Wa pili ni mrithi. Baba alikuwa mwanachama mwanzilishi, akafariki, shamba likabaki. Wana wanne wanalilima. Nani mwanachama? Masharti ya vyama aghalabu huruhusu mwanachama kumtaja mtu wa kurithi hisa zake, lakini kurithi hisa na kuingia uanachama si jambo moja. Mrithi hana budi kuomba mwenyewe, akakubaliwa, akaandikwa. Tumewajua watu waliogombana msiba haujaisha kwa sababu marehemu hakuandika jina la mrithi mahali palipoachwa wazi katika fomu yake. Nafasi yenyewe ni mstari mmoja tu wa karatasi.

Wa tatu, nao ni wengi kuliko wote, ni wake za watu. Na hapa tutakaa kidogo.

Ingia shamba lo lote la miwa la mkulima mdogo wakati wa kupalilia, uhesabu walioinama. Utaona wanawake. Lakini ulifungue daftari la chama uhesabu majina, utaona wanaume. Sababu ni kwamba shamba limeandikwa kwa jina la mume, mkataba umeandikwa kwa jina la mume, na malipo huingia katika hesabu ya benki ya mume. Bibi hulima, Bwana hupiga kura. Wako wanaume wasemao, "Kura yangu ndiyo yake; tu nyumba moja." Huenda ikawa kweli kwa nyumba yao. Lakini fedha za miwa huja kwa fungu moja kubwa, mara moja au mara mbili kwa mwaka, si kama fedha za mboga zijazo kila siku ya gulio, na fungu kubwa lililoko mkononi mwa mtu mmoja lina miguu. Wanawake wa bonde hili wamejua hayo kwa muda mrefu kuliko sisi tunaosema katika radio. Hapana sheria ya ushirika inayomkataza mke kuwa mwanachama pamoja na mumewe. Kinachotakiwa ni awe na umri wa kutosha, awe na kazi au mali inayohusiana na chama, atimize masharti. Wenye ekari nne wanaweza kuzigawa katika maandishi, mbili kwa jina lake na mbili kwa jina lake yule, na nyumba moja ikawa na kura mbili. Twawasihi wazee wa Kidodi na Ruhembe walifikiri jambo hili wakiwa wametulia, si siku ya uchaguzi yenyewe wakati mioyo imechemka.

Tukirudi katika khabari ya vyama vyenyewe: hapo mwanzo wakulima wa nje katika bonde hili walikuwa na vyama viwili vikubwa, kimoja cha upande wa Kilombero na kimoja cha upande wa Ruhembe. Kadiri wakulima walivyoongezeka, manung'uniko nayo yaliongezeka. Wengine walilalamika kwamba ratiba ya kukata miwa huwapendelea wakubwa. Wengine walilalamika juu ya makato, wasiyajue yalikwenda wapi. Basi watu wakajitenga, wakaanzisha vyama vyao. Na vyama vile viwili vikazaa vingine hata vikapita kumi. Katika miaka ya karibuni vyama vya miwa vimeandikishwa kuwa vyama vya ushirika vya masoko ya mazao, ambavyo watu huviita AMCOS.

Je, kujitenga kulikuwa kwema au kubaya? Sisi hatuwezi kutoa hukumu moja kwa vyama vyote. Chama kidogo kina faida yake: wanachama hujuana kwa nyuso, na mwenyekiti hawezi kujificha, kwa kuwa kesho utakutana naye kisimani. Lakini kila chama kipya kina mwenyekiti wake, karani wake, nyumba yake ya kukodi, pikipiki yake na mikutano yake, na gharama hizo zote zatoka katika tani ile ile ya miwa. Tena vyama kumi vikienda kuzungumza na kampuni moja, kila kimoja kwa wakati wake, kampuni ndiyo inayopumzika. Tumeona vilevile kwamba watu wengi waliojitenga hawakuwa wamejaribu kwanza dawa iliyo rahisi, yaani kuhudhuria mkutano mkuu na kuwaondoa viongozi kwa kura. Walinung'unika vilabuni na chini ya miembe, mkutano ukaitwa hawakuenda, viongozi wale wale wakarudi kwa kura za wachache, ndipo wakasema chama kimeoza.

Watu wa upande wa kaskazini, wa Kimamba, Rudewa na Dumila, ambao kilimo chao ni mahindi, mpunga, ufuta na pamba, wasidhani kwamba maneno haya ni ya wenye miwa tu. Ninyi mna bahati ya kukaa karibu na Ilonga, penye kituo cha utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo, na Morogoro penye Chuo Kikuu cha Sokoine si mbali. Hapo Morogoro ndipo ulipoanzishwa mtandao wa vikundi vya wakulima uitwao MVIWATA, mwaka 1993, na wakulima wenyewe. Huo si chama cha ushirika cha kuuza mazao. Ni muungano wa vikundi vidogo, kutoka kikundi mpaka mtandao wa mahali, mpaka mkutano mkuu wa taifa. Lakini swali lake ni lile lile. Wajumbe wanaotumwa mbele huchaguliwa na kikundi cha watu kumi na tano au ishirini walioko kijijini, na kikundi kikimtuma mtu kwa sababu tu ana shati safi na ajua kusema, basi Rudewa nzima itasemewa na shati. Na bwana shamba au bibi shamba wa kata, ambaye wengi hupenda kumpa uongozi kwa ajili ya elimu yake, yafaa abaki kuwa mshauri. Akihamishwa, chama kisihamishwe naye.

Sasa siku ya uchaguzi. Tungependa kuieleza kama inavyopasa kuwa, na kila mmoja ailinganishe na anayoijua.

Kwanza ni tangazo. Lisitolewe jioni ya kuamkia mkutano, wala lisibandikwe katika ofisi ya chama peke yake, maana anayepita ofisini kila siku ni rafiki wa ofisi. Libandikwe sokoni, kwenye zahanati, shuleni, na penye mzani. Litangazwe misikitini na makanisani. Liseme siku, saa, mahali, na mambo yatakayozungumzwa, na nafasi zinazogombewa. Wakati wake nao uangaliwe. Mkutano ukiitwa katikati ya msimu wa kukata miwa, wenye miwa iliyochomwa hawatakuja. Na ukiitwa wakati wa kulinda mpunga, wenye mpunga hawatakuja. Na wenye mashamba yaliyo kandokando ya mbuga ya Mikumi wana mgeni wao wa usiku, yaani ndovu, ambaye hangoji mtu arudi mkutanoni.

Pili ni daftari. Hili twalitilia mkazo kupita yote. Daftari la wanachama lisomwe hadharani siku nyingi kabla ya uchaguzi, jina kwa jina, ili waliokufa waondolewe na walio hai warudishwe. Wafu wakiachwa katika daftari hawapigi kura wenyewe, lakini pengine husaidiwa. Anayeona jina lake limeachwa apate nafasi ya kuleta stakabadhi yake mapema. Ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa kura huwa kwa asili yake ni ugomvi wa daftari, na daftari hutengenezwa kwa utulivu wa siku nyingi, si kwa makelele ya saa moja.

Tatu ni wagombea. Wasimame mbele ya watu waulizwe. Si maswali ya kuwaaibisha, ila maswali ya kazi: Una miwa yako, au una lori tu la kukodisha kwa chama? Unadaiwa na chama? Ulipokuwa mjumbe, mikutano mingapi hukuhudhuria? Mwenye lori akiwa ndiye mwenye kupanga malori, hata akiwa mcha Mungu, moyo wake utagawanyika. Wako watakaosema kwamba si adabu kijana kumwuliza mzee maneno kama hayo mbele za watu. Adabu ni njema, nasi hatusemi iachwe. Aanze kwa shikamoo, amwite Mzee au Mama kama ilivyo desturi, kisha aulize. Mzee aliyekubali kugombea amekubali kuulizwa.

Tena pana mambo ya karamu. Usiku wa kuamkia uchaguzi hupikwa wali, na soda hugawiwa, na wakati mwingine noti hupita kutoka kiganja kwenda kiganja katika kupeana mikono. Anayekula wali wa mgombea leo, hesabu yake ni rahisi: wali huo umepikwa kwa fedha ambazo mgombea atataka kuzirudisha, naye hatazirudisha kwa kulima. Wanafunzi waweza kupiga hesabu hii ubaoni. Chukueni makato ya shilingi mia moja tu katika kila tani, yasiyo na maelezo. Mkulima mwenye tani 60 hupoteza shilingi 6,000 kwa msimu. Kama wanachama ni 500 wenye miwa kiasi hicho, shilingi 3,000,000 zimekwenda. Sahani ya wali ni kiasi gani?

Nne ni kura yenyewe, nayo iwe ya siri. Ile desturi ya kuwaambia watu wajipange nyuma ya mgombea wanayempenda ni ya haraka na haina gharama, lakini ni ya hatari, kwa kuwa mtu anayedaiwa na mgombea, au aliyeposa kwake, hawezi kusimama mahali pengine. Wengine husema kwamba kura ya karatasi haiwezekani kwa sababu wako wasiojua kusoma. Hapa yafaa kukumbuka uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1965 nchini Tanzania, ambapo kila mgombea alipewa alama, mmoja jembe na mwenziwe nyumba, na mamilioni ya watu wakapiga kura, wengi wao wasiojua herufi hata moja. Lililowezekana kwa nchi nzima halishindikani kwa chama cha watu mia tatu. Wagombea wakiwa wengi, alama nazo ziwe nyingi: kikapu, mti, ndoo, jogoo. Sanduku lifunguliwe kwanza watu wote walione kuwa ni tupu, kisha lifungwe. Kura zihesabiwe mbele ya watu, kila karatasi ikiinuliwa juu na kusomwa kwa sauti, na hesabu iandikwe ubaoni ili kila mtu aione. Afisa Ushirika wa wilaya awepo kusimamia. Lakini kazi yake ni kusimamia, wala si kuchagua.

Baada ya hapo watu hushangilia, huimba, huenda zao, wakadhani mambo yamekwisha. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu wengi hawatofautishi kati ya waliochaguliwa na walioajiriwa. Bodi ya chama imechaguliwa; meneja na karani wameajiriwa nayo. Wanachama wakikosa fedha zao humkamata karani, nao wajumbe wa bodi husimama kando kana kwamba ni watazamaji, ilhali wao ndio waliotia sahihi. Na vitabu vya hesabu vina mkaguzi wake: tangu mwaka 1982 liko shirika la Serikali liitwalo COASCO, la kukagua vyama vya ushirika. Taarifa ya ukaguzi si siri ya bodi. Yapasa isomwe katika mkutano mkuu, nayo isomwe kwa Kiswahili ambacho watu wanakielewa, tarakimu kwa tarakimu, si kwa kusema tu kwamba "hesabu zimeonekana kuwa nzuri." Ikiwa bodi imekosa kabisa, wanachama wana haki ya kutaka mkutano maalum uitwe kabla ya muda wa uongozi kwisha, idadi ya watu wanaotakiwa kutia sahihi kwa ajili hiyo imeandikwa katika masharti ya kila chama.

Na masharti hayo, ni wangapi kati yenu wameyaona? Mwanachama anayo haki ya kuyasoma. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kiwanda cha sukari cha bonde hili kitapanuliwa sana, na kiwanda kikubwa hutaka miwa mingi, na miwa mingi huleta wakulima wapya, mikataba mipya na majina mapya katika daftari. Basi wale ambao watoto wao wako shuleni, wamwombe karani nakala ya masharti jioni moja, mtoto ayasome kwa sauti nyumbani kifungu baada ya kifungu, na penye neno gumu aweke alama, ili neno hilo liulizwe katika mkutano ujao.